Ons Jabeur: fainali 3 za Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi), kombe hakuna. Hivi tatizo lilikuwa nini hasa?

Mtazamaji_Kinondoni

Habari za jioni wakuu. Mimi si mchezaji wa tenisi, niseme ukweli huyu dada wa Tunisia ndiye aliyenivuta mpaka nikaanza kuufuatilia mchezo wenyewe, kabla ya hapo tenisi kwangu ilikuwa Serena na Federer basi, hata hesabu za 15, 30, 40 nilikuwa sizielewi. Sasa tangu alipotangaza Julai 2025 kwamba anapumzika, halafu Novemba mwaka huohuo yeye na mumewe Karim Kamoun wakasema wanatarajia mtoto, nimekuwa narudia mechi zake za zamani na kila nikimaliza moja nabaki na swali lilelile.

Kwa asiyemjua, kwa kifupi. Kazaliwa 1994 Ksar Hellal, kakulia maeneo ya Sousse. 2011 akachukua ubingwa wa wasichana Roland Garros, ile Grand Slam ya Paris, watu wakasema huyu keshafika, halafu ikapita miaka mingi hasikiki, mpaka 2017 ndiyo anaingia kwenye wachezaji 100 bora. 2020 robo fainali Australia. 2021 anachukua kombe lake la kwanza la WTA (chama cha tenisi ya wanawake) pale Birmingham, mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kufanya hivyo. 2022 anachukua Madrid, anafika namba 2 duniani, anacheza fainali ya Wimbledon na ya US Open mwaka mmoja. 2023 anarudi tena fainali ya Wimbledon. Zote tatu kapoteza! Kwa Rybakina, Swiatek na Vondrousova, kwa mpangilio huo.

Na ile ya 2023 ndiyo iliniumiza zaidi, yule dada alilia pale uwanjani hadi na mimi nikashindwa kuvumilia, akasema mwenyewe ni kipigo kilichomuuma kuliko vyote alivyowahi kupata.

Maswali yangu sasa. Je ni presha ya kuwa "wa kwanza" kwa kila kitu, Afrika nzima na Waarabu wote wamemkalia mabegani? Au kuna kitu kwenye mchezo wake kilichokuwa kinapungua? Na hili la mtoto, maana hajawahi kuficha hamu ya kuwa mama, lilikuwa linamsumbua wakati bado anacheza? Na wale mnaojua taratibu, akijifungua anaweza kurudi au ndiyo imeisha?

Naomba majibu ya watu wanaojua, siyo matusi.

Slaisi_ya_Kushoto

Mkuu umeuliza vizuri ila nikukatalie kidogo. Mchezaji akipoteza fainali watu wanakimbilia kusema "kichwa", lakini hizo fainali tatu ni vitu vitatu tofauti kabisa na mimi nafundisha watoto tenisi kwa hiyo nitaongea mambo ya uwanjani.

Kwanza mwelewe mchezo wake. Jabeur ana urefu wa sm 167 tu. Rybakina ana 184. Huyo mrefu akianzisha mpira anaupigia kutoka juu, unashuka kwa kasi na pembe ambayo Jabeur hata afanye mazoezi mpaka lini hawezi kuipata. Kwa hiyo Jabeur akajijengea mchezo mwingine: slaisi, yaani mpira wa kukatwa, inayotambaa chini karibu na majani, mpira wa juu unaokulazimisha urudi nyuma, na ile dropshoti yake. Dropshoti yake siyo ya kawaida wakuu. Mchezaji wa kawaida akitaka kuipiga unaona kabisa anapunguza mkono, yeye anavuta raketi kana kwamba anakuja na fohendi (pigo la kiganja mbele) ya nguvu, wewe unarudi nyuma kujiandaa, halafu sekunde ya mwisho anaugusa tu mpira unadondoka hatua mbili kutoka wavuni. Kwenye nyasi ndiyo balaa kabisa maana mpira haunyanyuki.

Sasa ubaya wa mchezo wa ujanja ni kwamba unahitaji mpinzani asikusome. Fainali ya 2022 seti ya kwanza Jabeur alishinda 6-3, Rybakina alikuwa anahangaika, hajui aende mbele au abaki. Seti ya pili Rybakina akaanza kusogea mapema, dropshoti anaifikia akiwa bado na nafasi ya kupiga anakotaka, na sevu yake (mpira wa kuanzisha) ikaanza kuingia. Seti ya tatu ndiyo naomba uirudie, Rybakina anaongoza 3-2, anaanzisha yeye, ubao unasoma 0-40. Yaani Jabeur ana nafasi tatu za kumvunja, kumpokonya gemu anayoianzisha yeye, na kufanya 3-3. Zote tatu zikapita. Kutoka hapo hakushinda tena gemu hata moja, 6-2. Huo ni mpira wa tenisi ulivyo, mtu mwenye sevu kubwa anajitoa kwenye shimo kwa mipira mitatu, mtu mwenye sevu ya kawaida lazima aifanyie kazi kila pointi. Hiyo siyo presha, hiyo ni silaha moja ambayo Jabeur hakuwa nayo, hasa sevu yake ya pili, ile ya kurudia ya kwanza ikikosa, ambayo wakubwa walikuwa wanaishambulia.

US Open 2022 sitaki hata kuijadili sana. Swiatek mwaka ule alikuwa ametoka kushinda mechi 37 mfululizo, ilikuwa karibu kila mtu anapigwa. Na bado Jabeur alimfikisha taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6) seti ya pili, akawa mbele 5-4, pointi mbili tu kuipata ile seti. Nani mwingine alikuwa anamfikisha Swiatek hapo kwenye fainali?

Ya 2023 ndiyo tofauti, na hapo nakubaliana na wewe kwamba kichwa kilihusika. Lakini hata hapo kuna kitu watu wanasahau. Angalia njia aliyopita: Andreescu, Kvitova, Rybakina, Sabalenka, mfululizo, wote wanne wameshachukua Grand Slam. Kwa Rybakina na Sabalenka alipoteza seti ya kwanza kwa taibreki akageuza matokeo. Unafika fainali umeacha kila kitu njiani. Na anayekusubiri ni Vondrousova, namba 42 duniani, wote wanakwambia wewe ndiye bingwa tayari, kumbe huyu mwaka huohuo keshakupiga mara mbili, Australia na Indian Wells. Ni wa mkono wa kushoto, anacheza slaisi, anacheza dropshoti, hana haraka. Ujanja wa Jabeur kwake haukuwa mgeni. Jabeur aliongoza 4-2 seti ya kwanza, akapoteza gemu nne mfululizo. Akaongoza 3-1 seti ya pili. Makosa yake ya bure yalikuwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Mikono ilikuwa mizito, ilionekana wazi, fohendi anayoifunga akiwa amelala ilikuwa inaingia wavuni.

Kwa hiyo jibu langu: moja sevu, moja Swiatek, moja presha. Ukizichanganya zote ukaita "hana roho ya ubingwa" unamkosea.

Mzee wa Taibreki

Presha tu hiyo wala tusizunguke. 2022 alikuwa ameweka picha ya lile sahani la ubingwa wa Wimbledon kwenye simu yake, kila akiifungua simu analiona. Mimi kijana wangu akiniambia anafanya hivyo ningemwambia toa hiyo picha ucheze mpira.

BintRuwi

Assalaam alaykum nyote. Mie naandika kutoka Maskati, na nataka kusema jambo ambalo huyo kaka mwalimu hawezi kulielezea kwa hesabu za seti.

Ile fainali ya 2022 mnakumbuka ilikuwa siku gani? Jumamosi tarehe 9 Julai, Idd el-Hajj! Huku watu wameshachinja, wameshakula, nyumba imejaa wageni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona wanawake wazima wa ukoo wetu, mabibi na mashangazi waliotoka Unguja zamani hata tenisi hawajui ni nini, wamekaa mbele ya televisheni wanauliza "huyu wetu ndiye yupi?" Huyu wetu. Sisi tunaongea Kiswahili majumbani mwetu, ni Waomani, asili zetu zipo Afrika Mashariki, na mara nyingi mtu anatuuliza nyie ni Waafrika au Waarabu. Halafu anatokea msichana ambaye kila akihojiwa anasema mimi Mtunisia, mimi Mwarabu, mimi Mwafrika, vyote kwa pamoja, hachagui. Nyie mliopo Dar labda hamwezi kujua hilo lilitugusa vipi sisi.

Kwao Tunisia wanamwita Waziri wa Furaha, na hilo jina halikuja bure. Nchi imepita kwenye misukosuko ya siasa na maisha magumu, watu wakawa wanakusanyika mikahawani kumwangalia yeye kama wanavyoangalia mpira wa timu ya taifa. Mama yake, Bi Samira, ndiye aliyemtia kwenye tenisi akiwa na miaka 3. Klabu yao haikuwa na viwanja vyake, wakawa wanafanyia mazoezi kwenye viwanja vya mahoteli ya watalii. Alipofika umri wa miaka kumi na mbili hivi akaenda kukaa skuli ya michezo Tunis. Na miaka yake mizuri yote alizungukwa na watu wa kwao, kocha Issam Jellali Mtunisia, mumewe aliyekuwa mchezaji wa vitara (mchezo wa upanga) ndiye aliyekuwa akimsimamia mazoezi ya mwili. Wenzake wananunua makocha wakubwa wa Ulaya, yeye akasema nitafika na watu wangu. Na alifika, namba 2 duniani mashaallah.

Sasa mzigo. Novemba 2023 kule Cancún kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka, kashinda mechi, tena kamshinda huyohuyo Vondrousova, badala ya kufurahi akalia akasema hawezi kufurahi wakati watoto wanakufa Gaza, akatoa sehemu ya zawadi yake kuwasaidia Wapalestina. Wangapi katika mchezo ule walisema neno? Mtu wa namna ile hawezi kuingia uwanjani akaacha dunia nje ya mlango. Ndivyo alivyoumbwa. Ule wepesi wa moyo uliomfanya kila mchezaji mwenzake ampende ndio uleule uliomfanya aumie kuliko wengine, na mie sitaki awe tofauti hata kama angepata makombe kumi.

Kaka Slaisi nakuheshimu kwa ujuzi wako, lakini usiniambie fainali ya kwanza haikuwa na presha. Ilikuwa nayo. Ile 0-40 mikono yake haikuwa ile ya seti ya kwanza, sote tuliiona.

Mtazamaji_Kinondoni

Dada BintRuwi umenitoa machozi tena. Kumbe ilikuwa Idd, hilo sikulikumbuka kabisa.

Nyanya_za_Parklands

Sasa wadau wa Tanzania, niingie na ya Kenya kidogo kwa sababu naona mnaongea presha na sevu na hakuna aliyetaja pesa.

Mnasema Jabeur alipotea toka 2011 hadi 2017. Hakupotea, alikuwa analipa. Kwa tenisi ukitoka kwa junia, mashindano ya vijana, hakuna mtu anakupa mshahara, wewe ni biashara yako mwenyewe, ndege unalipa wewe, hoteli wewe, kocha wewe, daktari wewe, na ukipoteza raundi ya kwanza kwa mashindano madogo pesa unayopata haifikii hata nauli. Mtoto wa Ufaransa au Marekani ako na shirikisho linamlipia na mashindano yako karibu na nyumbani. Mtoto wa Afrika anakatia tiketi kila wiki. Mwaka alioshinda junia Paris alimpiga Monica Puig wa Puerto Rico kwa fainali, na mwaka mmoja kabla yeye ndiye alipigwa fainali ileile na Svitolina. Sasa angalia, Svitolina akaingia juu haraka, Puig 2016 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio, na Jabeur kufikia hapo hata 100 bora hajaingia. Kipaji kilikuwa kilekile cha 2011.

Mfano wa karibu zaidi. Angella Okutoyi wetu. Huyu dem mama yake alifariki wakati wa kujifungua, yeye na pacha wake wakalelewa na shosho. 2022 akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya junia kwa Grand Slam, Australia, halafu Julai mwaka huohuo yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakachukua ubingwa wa wasichana wawili-wawili Wimbledon. Junia wa Kenya na kombe la Wimbledon mkononi, wiki ileile Jabeur yuko fainali ya wakubwa! Sisi tulilia furaha.

Na unajua walimpiga nani kwa fainali? Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko ndio huyu huyu, wazazi wake ni Wakongo, wengine wenu mnaosoma kutoka Goma na Bukavu mnamjua vizuri. Agosti 2025 amechukua Montreal, akiwa na miaka 18, amempiga Rybakina nusu fainali na Osaka fainali. Okutoyi upande wake alienda Marekani chuo cha Auburn, akashinda dhahabu ya African Games Accra 2024, anapambana. Sisemi Mboko hana haki, yule mtoto ni moto na nampenda. Nasema 2022 walikuwa uwanja mmoja na wetu alishinda, halafu mmoja alikuwa na Tennis Canada nyuma yake.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi mbona Jabeur hakushinda Slam, nitakuambia alichelewa kufika kwa miaka sita, akapata dirisha dogo kati ya 2021 na 2023, mwili ukawa ushachoka. Angefika akiwa 21 angekuwa na fainali nane za kujaribu badala ya tatu. Na hata hivyo, ile fainali ya 2023 bingwa alilipwa pauni milioni 2.35 na wa pili pauni 1,175,000. Pesa ilikuja ndio, ila ilikuja wakati magoti yameanza kulia.

Kumbukumbu_za_Zamani

Nyongeza kidogo ya historia kwa faida ya wote. Utasikia Jabeur anaitwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kucheza fainali ya Grand Slam ya mmoja-mmoja, lakini kwa usahihi ni wa kwanza tangu tenisi ilipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa 1968. Kabla yake Sandra Reynolds wa Afrika Kusini alicheza fainali ya Wimbledon 1960, akafungwa na Maria Bueno wa Brazil. Na Amanda Coetzer, Afrika Kusini pia, alifika namba 3 duniani 1997. Hii haimpunguzii Jabeur chochote, ni kwamba Reynolds alicheza, na Coetzer akakulia, enzi ambayo kule kwao mtoto mweusi wala asiye mzungu hangeruhusiwa kukanyaga kiwanja kilekile, kwa hiyo "wa kwanza" wa Jabeur una uzito wa namna yake.

Pia kuna Mayar Sherif wa Misri, 2022 alichukua kombe la WTA Parma. Mlango ukishafunguliwa hauwi na mmoja.

MamaWawili

Nimesoma yote na nashangaa swali la tatu la mleta mada hamjaligusa kabisa, mmekimbilia sevu. Mimi ni mama, nimezaa nikiwa kazini, niseme.

Mwanamke anayecheza tenisi miaka yake ya kushinda na miaka yake ya kuzaa ni miaka ileile. Hakuna namna. Mnakumbuka Federer? Mapacha wake wa kwanza walizaliwa Julai 2009, US Open ya mwaka huohuo akacheza hadi fainali. Serena kazaa Septemba 2017, akapata matatizo ya damu kuganda karibu afe, akarudi na kufika fainali nne za Grand Slam, Wimbledon na US Open 2018, na zote mbili tena 2019, na hakushinda hata moja. Tofauti ni mwili wa nani uliobeba.

Jabeur kaolewa 2015. Miaka yote aliyokuwa anapanda ni mke wa mtu, yupo kwenye ndege na mume wake ambaye ndiye mwalimu wake wa viungo, na kila mahojiano anaulizwa mtoto lini. Kwenye tamaduni zetu mnajua hilo swali linavyoulizwa, sijui kwa nini mnafikiri Tunisia ni tofauti. Sasa wewe una miaka 28, ndiyo upo kileleni, ukisimama mwaka mmoja dirisha analosema kaka wa Parklands linafungwa. Usiposimama, mwili nao una saa yake. Kwa hiyo kila fainali inakuwa siyo fainali tu, inakuwa "nikishinda hii naweza kupumzika nikazae kwa amani". Hayo ni mawazo yangu, sijamsikia akiyasema hivyo, lakini mwanamke yeyote aliyewahi kuahirisha atanielewa.

Na kuna kitu kimoja kizuri alichofanya 2022 ambacho hakizungumzwi. Nusu fainali ya Wimbledon alicheza na Tatjana Maria, Mjerumani, rafiki yake, mama wa watoto wawili aliyekuwa karejea karibuni tu toka uzazi wa pili. Jabeur alimshinda, na badala ya kusherehekea peke yake akamvuta Maria kwa mkono akamrudisha katikati ya uwanja watu wampigie makofi yeye. Siku anaingia fainali yake ya kwanza, siku kubwa ya maisha, anaona mama aliyeshindwa anastahili makofi. Mimi nilijua pale huyu binti ana ndoto mbili.

Halafu tazama, huyohuyo Maria Juni 2025 akiwa na miaka 37 kachukua kombe la Queen's kule London, watoto wake wanamwangalia. Belinda Bencic kazaa 2024, 2025 keshachukua Abu Dhabi na kufika nusu fainali ya Wimbledon. Svitolina kazaa Oktoba 2022, Julai 2023 nusu fainali ya Wimbledon. Osaka kazaa Julai 2023, 2025 nusu fainali ya US Open. Na mama yao wote Kim Clijsters, alistaafu, akazaa, akarudi 2009 bila hata kuwa kwenye orodha ya ubora, akachukua US Open, akaichukua tena 2010, akamalizia na Australia 2011. Tena Clijsters ndiye aliyekuwa akimliwaza Jabeur kule ndani baada ya ile fainali ya 2023, kwa sababu na yeye alipoteza fainali zake za mwanzo mfululizo kabla ya kushinda.

Aliposema Julai 2025 kwamba amekuwa akijilazimisha kwa miaka miwili, akipambana na majeraha, na kwamba kwa muda mrefu hakuwa na furaha ya kweli uwanjani, nilifurahi. Samahani kwa mashabiki. Wiki chache kabla ya hapo aliondoka Wimbledon raundi ya kwanza, joto kali, anashindwa kupumua vizuri, anashindwa kuendelea. Bega lilimtesa 2024, magoti ndiyo usiseme, Olimpiki ya Paris hakwenda kwa sababu ya goti. Mtu amejipa ruhusa ya kuishi, mwacheni.

Mzee wa Taibreki

Dada MamaWawili hapo kwenye Federer umenyamazisha jukwaa zima. Sikuwahi kuipanga hivyo kichwani.

Mtazamaji_Kinondoni

Ahsanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Mwalimu Slaisi, swali moja bado liko wazi, la taratibu. Akitaka kurudi anaanza na sifuri? Maana nasikia Serena aliporudi 2018 alihangaika na nafasi.

Slaisi_ya_Kushoto

Hapana hatoanza na sifuri. Ni kweli Serena aliporudi Roland Garros 2018 hawakumpa nafasi ya kulindwa kwenye droo, yaani asikutane na vigogo wenzake raundi za mwanzo, ingawa alikuwa ameondoka akiwa kileleni, ikawa kelele kubwa, Wimbledon wao wakampa namba 25. Mwisho wa mwaka huo WTA ikabadilisha sheria, sasa mchezaji aliyejifungua anaweza kutumia nafasi yake ya zamani kwenye orodha ya ubora kuingia mashindano, na ana muda wa hadi miaka mitatu tangu azae, hana haja ya kukimbizana. Na tangu Machi 2025 kuna malipo ya likizo ya uzazi pia, hadi miezi 12, pesa zinatoka kwenye mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, zaidi ya wachezaji 300 wanaweza kufaidika.

Ila kuna kitu lazima mkijue. Nafasi inayohifadhiwa ni ile aliyokuwa nayo alipoacha kucheza, na Jabeur kwa sababu ya majeraha alikuwa ameshuka mpaka sabini na kitu. Kwa nafasi hiyo Grand Slam anaingia moja kwa moja, droo ina watu 128, lakini wanaolindwa ni 32 tu, kwa hiyo raundi ya kwanza kabisa anaweza kukutana na Sabalenka au Swiatek. Hakuna njia laini hapo.

Dada BintRuwi nimekusikia kuhusu ile 0-40, nimeirudia leo mchana, pointi ya pili kweli alikuwa na nafasi ya kushambulia akaurudisha mpira katikati. Nakupa hiyo.

Kama angeniuliza mimi, asianze na viwanja vigumu vya Marekani wala udongo, magoti hayo hayawezi mechi za saa tatu. Aanzie nyasi mwezi Juni. Berlin alishachukua 2022, pointi ni fupi, mpira uko chini, dropshoti inakufa pale pale, na hakuna mchezaji aliyepo sasa anayeugusa mpira kwenye nyasi kama yeye. Halafu sevu ya pili ifanyiwe kazi tangu leo, hata akiwa amekaa na mtoto, bega likiruhusu.

BintRuwi

Berlin basi. Mie na shangazi yangu tiketi tunakata wenyewe, inshaallah.